Kwa Nini Lori la Zamani la Dizeli Hukataa Kuwaka Asubuhi ya Baridi

Katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, miezi ya Juni, Julai na Agosti huleta asubuhi ambazo nyasi huonekana nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Hali hiyo ni ya kawaida katika sehemu za Makete, na hasa katika uwanda wa Kitulo ulio kwenye kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko malori hupanda kufuata viazi mviringo na mbao, na baadhi yake ni ya miaka mingi, ya aina isiyo na kompyuta wala kifaa chochote cha elektroniki katika injini. Lori ambalo jijini Dar es Salaam huwaka mara moja kila siku huweza kupanda kona za Hamsini na Saba kutoka Chimala, likalala usiku mmoja Matamba, na asubuhi likakataa kabisa. Dereva hupiga stata, injini huzunguka kwa uzito, moshi mweupe kidogo hutoka katika bomba, betri huchoka, kisha kimya.

Hapo huanza mashauri. Mmoja hutaka moto wa kuni uwashwe chini ya injini, mwingine hudai kitambaa kilicholowa petroli, wa tatu husema lori lisukumwe mteremkoni. Fundi akifika huenda akafungua nozeli zote, au akashauri injini ifunguliwe, ilhali kosa lenyewe liko kwenye kichwa cha betri chenye kutu. Hata hivyo tatizo hili si la kubahatisha. Sababu zake zote zimo katika fizikia inayofundishwa shule za sekondari, na anayezielewa huweza kulitafuta kosa kwa utaratibu, akianza na lililo rahisi na la gharama ndogo.

Moto usio na cheche

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Mhandisi wa Kijerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa mwaka 1858 na ambaye injini yake ilifanikiwa katika majaribio ya mwaka 1897 mjini Augsburg, aliujenga mtambo wake juu ya kanuni moja: hewa ikigandamizwa kwa haraka hupata joto. Katika injini nyingi za malori, pistoni inapopanda huibana hewa hadi ibaki na ujazo wa kama sehemu moja ya kumi na saba ya ujazo wake wa awali. Joto hupanda sana. Ndipo nozeli hupuliza dizeli ndani ya hewa hiyo, nayo dizeli huwaka yenyewe.

Mwanafunzi anaweza kulikokotoa joto hilo. Ikichukuliwa kwamba hakuna joto linalopotea, halijoto ya mwisho katika vipimo vya Kelvin ni sawa na halijoto ya mwanzo ikizidishwa kwa 17 yenye kipeo cha 0.4, yaani takriban 3.1. Hewa ya pwani yenye nyuzi 27 za Sentigredi, ambazo ni Kelvin 300, itafikia Kelvin 930, au nyuzi 660 hivi za Sentigredi. Hewa ya Kitulo yenye nyuzi 0, ambazo ni Kelvin 273, itafikia karibu nyuzi 575. Tofauti ya nyuzi 27 mwanzoni imekuwa tofauti ya zaidi ya nyuzi 80 mwishoni. Kwa maneno mengine, kila nyuzi moja inayokosekana nje hugeuka kuwa tatu ndani ya silinda.

Msomaji makini atauliza: ikiwa dizeli huwaka yenyewe kwenye nyuzi 250 hivi katika vipimo vya maabara, kwa nini nyuzi 575 zisitoshe? Jibu ni kwamba hesabu hiyo ilidhani hakuna upotevu, na silinda halisi iliyolala nje usiku kucha ni chuma baridi kizito kinachokunywa joto pasipo kushiba. Hewa iliyobanwa hugusa kuta za silinda na kichwa cha pistoni, ikapoa papo hapo. Sehemu nyingine hupenya kando ya ringi na kutoroka. Joto linalobaki ni pungufu ya hesabu kwa mamia ya nyuzi, na mafuta nayo hupewa muda mfupi mno wa kugeuka mvuke na kushika moto.

Upotevu huo hutegemea muda. Injini ikizungushwa kwa mizunguko 200 kwa dakika, pistoni hupanda kwa sekunde 0.15. Ikizungushwa kwa mizunguko 80, hupanda kwa sekunde 0.375, yaani muda mrefu mara mbili na nusu. Muda huo wote hewa inapoa na kuvuja. Hivyo stata inayozunguka polepole si kosa la umeme peke yake. Ni kosa la joto. Hiki ndicho kiini cha somo lote, na fundi anayekishika hatahangaika na pampu kabla hajaitazama betri.

Baridi nayo haishambulii upande mmoja. Kwenye nyuzi 0 betri ya asidi na risasi hupoteza takriban theluthi moja ya nguvu zake za kupiga stata, kwa kuwa mabadiliko ya kikemia ndani yake hupungua kasi. Asubuhi hiyohiyo oili ya injini huwa nzito mara kadhaa kuliko ilivyokuwa pwani, maana mnato wa oili hupanda upesi joto linaposhuka. Basi stata hudaiwa nguvu nyingi zaidi wakati ule ule inapopewa chache. Lori lenye oili nzito ya gredi moja, inayofaa kwa safari za pwani, huteseka zaidi. Oili ya gredi mchanganyiko, kama 15W-40, ilitengenezwa kwa ajili ya hali ya namna hii.

Moshi ni shahidi wa kwanza

Kabla ya kushika spana, yafaa mtu mmoja apige stata kwa sekunde kumi hivi na mwingine atazame bomba la moshi. Jambo hili halina gharama, na hugawanya makosa yote katika mafungu mawili.

Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli si moshi wa kuungua. Ni ukungu wa matone ya dizeli yaliyopita ndani ya injini bila kuwaka. Ukionekana, mafuta yanafika na kinachokosekana ni joto: kasi ya stata, plagi za hita, au mgandamizo. Bomba lisipotoa chochote, mafuta hayafiki, na hapo hakuna haja ya kuilaumu betri ilimradi injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida. Moshi mweusi humaanisha kwamba baadhi ya silinda zinawaka lakini hewa haitoshi. Mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi.

Baada ya majaribio ya sekunde kumi, stata ipumzishwe dakika moja au mbili. Dereva anayeishikilia kwa nusu dakika mfululizo huunguza stata na kuzimaliza betri, na kesho yake huwa na makosa mawili badala ya moja.

Injini inapozunguka kwa uzito

Malori mengi makubwa hutumia volti 24 zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.2 imebaki na nusu tu. Kipimo hiki kifanywe kwa kila betri peke yake. Katika mfululizo betri moja mbovu huiangusha nzima, na wenye malori hukosea mara nyingi kwa kununua betri moja mpya na kuifunga pamoja na kuukuu.

Betri zikiwa nzima, shaka huhamia kwenye nyaya. Stata ya lori huweza kuvuta ampea 400. Kwa mkondo mkubwa kiasi hicho, hata ukinzani mdogo ni adui. Ikiwa kutu katika kichwa cha betri imeleta ukinzani wa omu 0.01 tu, kanuni ya Ohm inasema kwamba volti 400 × 0.01, yaani volti 4, zitapotea hapo, na wati 1,600 zitageuka joto bure. Hizo ni zaidi ya wati za pasi nyingi za umeme. Ndiyo sababu fundi mzoefu hugusa vichwa vya betri na viungo vya waya mara tu baada ya stata kupigwa: kiungo chenye moto ndicho kiungo kibovu. Mwenye mita ya volti ataiunganisha kati ya nguzo ya betri na skrubu ya stata huku stata ikipigwa; mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya au kiungo kinahitaji kusafishwa. Waya wa ethi unaounganisha injini na chesisi usisahauliwe, maana mara nyingi umefunikwa na matope na hakuna anayeukumbuka.

Mafuta yasiyofika

Kosa moja la mafuta huwapumbaza hata mafundi wazuri. Bomba linalotoka kwenye tangi hadi pampu ndogo ya kuvutia mafuta huwa chini ya mvuto, wala si chini ya msukumo. Tundu dogo katika bomba hilo halitoi dizeli nje. Huingiza hewa ndani. Fundi akikagua chini ya lori haoni hata tone, akatangaza kwamba hakuna kinachovuja. Usiku wa baridi mipira ya viungo hukakamaa na kusinyaa, hewa huingia, na mafuta hurudi taratibu tangini. Mchana jua likipanda mipira hulainika na kosa hutoweka, hivyo lori hupelekwa karakana likiwa zima. Njia ya kuligundua ni kufunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya chujio na kutazama viputo. Tiba ya haraka ni kufungua skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio na kupampu kwa mkono hadi dizeli itoke bila povu. Tiba ya kweli ni kubadilisha washa na mipira iliyochoka.

Maji nayo ni tatizo la nyanda za juu. Tangi lililobaki nusu usiku huvuta hewa yenye unyevu, unyevu hutonesha, na maji hushuka chini kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli. Yakifika kwenye chujio katika usiku wa sakitu huweza kuganda. Tangi hujazwa jioni kwa sababu hii, na kikombe cha chujio humwagwa mara kwa mara. Tena dizeli yenyewe ina chembe za nta ambazo huanza kujitenga baridi inapozidi; mafuta hubadilika rangi yakawa na utusitusi, na nta huziba chujio. Dizeli iliyokusudiwa kwa nchi za joto hufikia hali hiyo mapema kuliko ile inayouzwa nchi za theluji wakati wa kipusa. Kujua kama ndivyo ilivyo si kazi kubwa: chupa safi ya kioo yenye dizeli kutoka tangini iachwe nje usiku karibu na lori, na asubuhi itazamwe dhidi ya mwanga.

Plagi za hita na kitufe kilichosahauliwa

Injini nyingi za malori madogo zina chumba cha pembeni ambamo mafuta huanza kuwaka, na kuta za chumba hicho hunyonya joto jingi. Kwa hiyo kila silinda hupewa plagi ya hita inayopashwa moto kwa umeme kabla ya stata kupigwa. Katika mfumo wa volti 12 plagi moja huvuta ampea 10 hivi ikisha kupata moto. Plagi nne zilizounganishwa sambamba huvuta 40. Ampea zikiwa 30, plagi moja imekufa. Katika baadhi ya injini za zamani zaidi, plagi ziliunganishwa kwa mfululizo, na hapo moja ikikatika zote huzima. Mwalimu atakayetaka mfano hai wa tofauti kati ya saketi sambamba na saketi ya mfululizo hatapata ulio bora kuliko huu.

Injini kubwa zinazopulizia mafuta moja kwa moja juu ya pistoni kwa kawaida hazina plagi hizo. Baadhi zina kifaa cha mwali katika njia ya hewa. Nyingine zina kitufe ubavuni mwa pampu ya dizeli ambacho, kikibonyezwa kwa mkono injini ikiwa imezimwa, huruhusu mafuta ya ziada kwa ajili ya kuwasha tu. Lori likisha kupita mikononi mwa wenyeji wanne au watano, kitabu chake hupotea, na kitufe hicho hubaki kimefunikwa na grisi bila ye yote kujua kazi yake. Wako madereva waliohangaika miaka mingi huku dawa iko sentimeta chache kutoka wanapoweka mkono kila siku.

Mgandamizo na kimo cha mahali

Yakiisha kuthibitishwa hayo yote, ndipo mgandamizo upimwe. Ringi zilizochakaa na valvu zisizoketi vizuri huvujisha hewa. Injini ya namna hiyo huweza kuvumilia pwani na kushindwa milimani. Lakini hapa pana mtego unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa umewagharimu watu fedha nyingi.

Tuseme kitabu cha injini kinataka kipimo cha kilogramu 28 kwa sentimeta ya mraba. Fundi akipima Kitulo anapata 20, naye anatoa hukumu: ringi zimekwisha. Hukumu hiyo huenda ikawa ya uongo. Kwenye kimo cha mita 2,600 kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 73 tu ya ile ya usawa wa bahari. Silinda huanza na hewa hafifu na humaliza na hewa hafifu: 28 × 0.73 ni 20 na ushei. Injini ni nzima! Kinachotakiwa ni kulinganisha silinda na silinda. Zote zikitoa 20, mlima ndio uliopunguza. Tano zikitoa 20 na moja ikatoa 13, basi hiyo moja ni mgonjwa.

Kwa kanuni ile iliyotajwa mwanzo, kimo peke yake hakibadilishi joto la mwisho, kwa sababu uwiano ni ule ule. Hata hivyo hewa hafifu hubeba joto kidogo zaidi kwa jumla, hivyo chuma baridi huipoza upesi, na mafuta huchelewa kuwaka katika kanieneo ndogo. Baridi na kimo hushirikiana, na ndiyo maana lori lile lile huwaka kwa urahisi zaidi katika baridi ya nyuzi hizo hizo mahali pa chini.

Njia za mkato zinazoua

Etha, ambayo huuzwa katika makopo ya kupulizia, huwaka yenyewe kwenye nyuzi 160 hadi 180 hivi, yaani mapema zaidi kuliko dizeli. Ikiingia kwa wingi hulipuka wakati pistoni ingali inapanda, na pigo hilo huvunja ringi au kupinda mkono wa pistoni. Katika injini yenye plagi za hita au kifaa cha mwali hatari ni kubwa zaidi: mvuke hukutana na chuma chekundu, na mlipuko hurudi kupitia njia ya hewa hadi usoni mwa aliyeshika kopo. Kitambaa chenye petroli ni jambo lile lile kwa jina jingine.

Moto wa kuni chini ya sampo hupasha oili joto, hilo ni kweli. Lakini upande wa chini wa lori la zamani una matone ya oili na dizeli, nyaya, na mipira ya breki. Lori likishika moto halizimwi kwa ndoo.

Kusukuma lori mteremkoni ndiko kunakoonekana salama kuliko yote, na pengine ndiko kubaya kuliko yote. Breki za hewa hutegemea kompresa inayozungushwa na injini. Lori lililolala usiku huwa limepoteza hewa ya mitungi yake. Dereva akiliachia na tani saba za viazi, na injini isiwake, hana breki ya miguu na usukani ni mzito. Kuna barabara ambazo kosa hilo hufanyika mara moja tu.

Njia isiyo na hatari ni kongwe: kumwaga maji ya rejeta jioni, kuyapasha moto asubuhi katika debe mbali na lori, na kuyarudisha injini yakiwa ya moto wa kuvumilika mkononi. Yasiwe ya kuchemka, maana chuma baridi kikipata joto la ghafla huweza kupasuka. Kulaza betri ndani ya nyumba ni msaada mwingine usiogharimu chochote.

Jaribio kwa darasa

Kanuni ya mgandamizo huweza kuonyeshwa kwa pampu ya baiskeli. Kipimajoto kifungwe kwa utepe karibu na mwisho wa pampu, tundu lizibwe kwa kidole, na pampu isukumwe mara hamsini kwa haraka. Joto liandikwe. Pampu ikisha kupoa, jaribio lirudiwe kwa misukumo hamsini ya polepole, kila mmoja ukichukua sekunde tatu. Wanafunzi wengine watapinga kwamba joto hilo ni la msuguano wa ngozi ya pampu, nao wana haki ya kupinga. Basi lifanyike jaribio la tatu: misukumo hamsini ya haraka, tundu likiwa wazi. Joto litakaloonekana safari hii ni la msuguano, nalo litolewe katika lile la kwanza.